Barua Yenye Muhuri Wangu

Sijamsamehe mwalimu mkuu yule, na wala sijaanza kujaribu. Nikisema hivyo mmoja wa wanawake wa kanisani kwetu hunikumbusha kwamba mzee mwenyewe alishazikwa. Najua alizikwa. Nilisikia tangazo la kifo chake redioni nikiwa napika, nikaendelea kupika.

Na mimi mwenyewe sijajisamehe vizuri. Kuna miezi naona yamepita, kuna miezi sioni hivyo.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa afisa msaidizi wa vijana mjini Kakamega. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kozi ya miezi mitatu, na meza katika chumba nilichogawana na bosi wangu, mtu aliyekuwa akiingia saa nne na kutoka saa sita. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha vijana hawakai bure, maana kijana aliyekaa bure aliogopwa kuliko mbwa mwenye kichaa. Kwa hiyo tuliwapa mipira, tukawapa miche ya kupanda kando ya barabara, na zaidi ya yote tukawapa kwaya. Kila sikukuu ya taifa ilidai kwaya, na kila kwaya ilidai Jumamosi zetu zote katika ukumbi wa mabati nyuma ya ofisi, mvua ya alasiri ikitwanga juu ya vichwa vyetu hadi waimbaji wa besi hawasikiki.

Kwamba kijana anaweza kuugua ndani ya kichwa chake kama mwingine anavyougua malaria, hilo halikuwa katika kozi ya miezi mitatu.

Kwenye kwaya palikuwa na msichana wa kidato cha tatu kutoka upande wa Khayega. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba yake alikata miwa huko Mumias na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo msichana aliishi na bibi yake, aliyemwita kukhu, pamoja na wadogo zake wawili aliowapikia, kuwafulia na kuwaamsha kwenda shule. Hayo yote sikuyajua wakati huo. Nilichojua ni kwamba aliimba sauti ya pili vizuri sana, na kwamba Jumamosi moja aliacha. Alifungua mdomo pamoja na wenzake lakini hakikutoka kitu.

Nilisimamisha wimbo. "Wewe," nikamwambia mbele ya wote, "kama umekuja kutalii, rudi kwenu. Nafasi yako inatakikana."

Hivyo ndivyo nilivyoanza naye, na sitajipamba.

Alitoka nje. Baada ya mazoezi nilimkuta nyuma ya ukumbi, amesimama chini ya ukingo wa paa, maji ya mvua yakimwagikia viatuni naye hasogei. Nilitaka kumgombeza tena, lakini ile hali ya kutosogea ilinitisha. Nikamuuliza ana nini.

"Madam, mimi silalangi," akasema.

"Hulali kwa nini?"

"Nalala kitandani. Lakini silalangi." Akatazama viatu vyake. "Nasikianga mama akiniita jikoni. Naenda, napata hakuna mtu. Halafu najiuliza, kwa nini mimi ndiyo nimebaki."

"Umemwambia nani haya?"

"Wewe tu. Usimwambie mtu, madam. Kukhu atasema nimerogwa, na baba atanitoa shule."

"Sitasema," nikamwambia.

Kwa Jumamosi nne zilizofuata nilikaa naye baada ya wengine kwenda. Nilinunua chai na mandazi kwa mama aliyeuza nje ya lango la ofisi. Sikuwa na ujuzi wowote. Nilimsikiliza tu, na mara nyingi sikujua niseme nini, nikasema tu, "Kula." Alikula. Jumamosi ya tatu aliimba mistari miwili. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona mtu wa maana sana.

Jumamosi ya tano alikuja viganja vimevimba. Alikuwa amesinzia darasani, akachapwa, akasinzia tena, akachapwa tena. Alama zake zilikuwa zimeanguka, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia mbele ya darasa kwamba msiba si leseni ya uvivu.

Nilikasirika. Hasira yangu ilikuwa ya haki, na bado nasema ilikuwa ya haki, lakini hasira ya haki nayo inaweza kufanya upuuzi. Jumatatu nilimweleza bosi wangu kwamba nataka kwenda shuleni kuzungumza na mwalimu mkuu.

"Usiende kupiga domo," akasema bila kuinua macho. "Andika. Kitu kisichoandikwa hakijafanyika."

Nikaandika kurasa mbili kwa taipureta, kwenye karatasi yenye nembo ya serikali. Ningeweza kuandika mistari mitatu tu: mtoto huyu anaugua, asichapwe, apelekwe hospitali. Badala yake niliandika kila kitu. Niliandika kwamba halali. Niliandika habari ya sauti ya mama yake jikoni, na kwamba wakati mwingine hutamani kumfuata mama huko aliko. Nilijiambia naandika yote ili mwalimu mkuu aone uzito wa jambo. Hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ilinichukua miaka kuikiri: nilitaka aone jinsi ninavyoijua kazi yangu. Nikapiga muhuri, nikatia sahihi, nikampa tarishi aipeleke.

Sikumuuliza msichana. Wala halikunijia wazo la kumuuliza.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mrefu, mzee wa kanisa, mwenye tai fupi na fimbo aliyoibana kwapani hata akiwa anasali. Wazazi walimpenda. Shule yake ilifaulisha, na kwa ajili ya kufaulisha walimruhusu chochote. Yaliyotokea kwenye paredi asubuhi ya Jumatano nilihadithiwa na mwanafunzi mwingine wa kwaya ile ile, ambaye alinihadithia huku akinitazama kama mtu anayetazama kidonda.

Mzee aliitoa barua mfukoni akaifungua mbele ya shule nzima. Hakutaja jina la msichana. Hakuhitaji.

"Ofisi ya vijana," akasema, "inatuarifu kwamba shule hii sasa ina mganga. Yuko kidato cha tatu. Usiku anaongea na marehemu, na marehemu wanamwita jikoni." Akasoma sentensi zangu mbili, neno kwa neno, kwa sauti ya kuigiza. "Kama kuna mwingine mwenye salamu kwa babu yake, apange foleni kwa huyu."

Shule ikacheka. Walimu pia walicheka. Na vichwa vikaanza kugeuka, safu baada ya safu, hadi vikamfikia.

Kuanzia saa hiyo aliitwa Nabii. Wavulana walisimama dirishani mwa darasa lake na kuita kwa sauti nyembamba, "Njoo jikoni! Mama anakuita!"

Ijumaa alijaribu kujiua.

Alivyofanya sisemi. Haikumhusu mtu wakati ule na haimhusu mtu sasa. Jirani aliyekuwa akitafuta kuku wake kwenye mahindi ndiye aliyemkuta, akapiga mayowe, na watu wakambeba hadi barabarani na kutoka hapo hadi hospitali moja ya misheni. Aliokolewa kwa sababu ya kuku aliyepotea. Mimi, ofisi yangu, kozi yangu na chai yangu havikuwa na mchango wowote isipokuwa kumfikisha pale.

Habari ilinifikia Jumamosi asubuhi, kwaya ikiwa inajikusanya. Niliwaambia waende nyumbani, nikapanda nyuma ya baiskeli ya boda boda, na njia nzima yule mwendeshaji alikuwa akinieleza habari za fahali wa Khayega watakaopiganishwa wiki ile, nami nikimjibu ndiyo, ndiyo.

Katika wodi ya wanawake niliona askari kabla sijamwona msichana. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda akisoma gazeti. Mkono mmoja wa msichana ulikuwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda.

Siku hizo kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua mambo ya vitabuni. Sikuwahi kuwaza kwamba maana yake ni pingu kwenye mkono mwembamba kiasi kile, hadi wakalazimika kuifunga tundu la mwisho kabisa.

"Afande," nikasema, "huyu ni mgonjwa."

"Ni mshtakiwa," akajibu, akafunua ukurasa.

"Ni mtoto wa shule."

"Ametimiza kumi na nane. Nimeuliza. Na wewe ni nani yake?"

"Afisa wa vijana. Mfungue. Atakimbilia wapi hali ilivyo hiyo?"

"Mama, mimi nimetumwa. Nenda kamgombeze aliyenituma."

"Hukutumwa kusoma gazeti juu ya mgonjwa!"

Wagonjwa wengine waligeuka. Askari alikunja gazeti taratibu akasimama, na nadhani angenitoa kwa nguvu, lakini kabla hajanigusa msichana alifungua macho. Alinitazama. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, lakini nilisikia kila neno.

"Mtoeni huyo."

"Ni mimi," nikasema, kama mjinga.

"Nilikuambia wewe," akasema. "Sikuwaambia wao."

Akageuza uso upande wa ukuta, kadiri pingu ilivyomruhusu.

Muuguzi wa zamu alinishika kiwiko akanipeleka kwenye korido ya kuoshea vyombo. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, aliyesomea uuguzi wa wagonjwa wa akili, mmoja tu katika hospitali nzima. Kila mtu alimwita sista. Hakunipa kiti.

"Wewe ndiye wa barua?"

"Ndiyo."

"Basi usilie hapa. Nina wagonjwa."

Nilikuwa naanza kulia kweli. Nikajizuia.

"Sikiliza," akasema. "Mtu akikuambia kitu cha moyoni mwake, kile kitu si chako. Ni kama amekuachia mzigo wake umshikie akiingia msalani. Wewe unaubeba unaenda nao sokoni?"

"Nilitaka kumsaidia."

"Wote mnatakanga kusaidia." Akaanza kuosha mikono. "Nenda ukaandike nyingine."

Nilimchukia siku hiyo. Nilimchukia kwa sababu alikuwa amesema kweli akiwa na haraka.

Baba wa msichana alifika Jumapili kutoka Mumias, viganja na mikono imechanwachanwa na majani ya miwa. Nilimsubiri nje ya wodi nimweleze mwenyewe, kabla hajaelezwa na wengine. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti.

"Una mtoto?" akaniuliza.

"Sina, baba."

"Ndiyo maana."

Akaingia ndani. Maneno hayo mawili nimeyabeba miaka yote, na watoto wangu watatu niliowazaa baadaye hawakuyaondoa.

Baada ya wiki tatu msichana alipelekwa mahakamani. Aliulizwa kama ni kweli alijaribu kuyatoa maisha yake. Akajibu, "Ni kweli," kama mtu aliyeulizwa kama ni kweli alivunja kikombe. Hakimu alitaka ripoti. Ya mwalimu mkuu ilisema msichana ni mkaidi, mvivu, na mwenye tabia ya kutafuta huruma. Nilisimama nikaomba kusema.

"Wewe ni daktari?" hakimu akaniuliza.

"Hapana, mheshimiwa."

"Ni wakili wake?"

"Hapana."

"Basi keti."

Nikaketi. Ripoti ya sista ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema msichana anaugua, ugonjwa wake una jina na una matibabu, na jela haimo katika matibabu hayo. Hakimu aliisoma mara mbili. Akamwachilia kwa masharti: mwaka mmoja chini ya uangalizi, akae kwa senje yake, dada wa baba, huko Khwisero, na aende kliniki kila mwezi. Shule nayo ilituma barua fupi kwamba nafasi yake imekwisha kuchukuliwa.

Nje ya mahakama nilimwona mwalimu mkuu akipeana mikono na watu. Nilimwendea.

"Umeridhika?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa upole wa mzee wa kanisa. "Binti yangu, nimeongoza shule tangu hujazaliwa. Huruma yenu ndiyo inawaharibu hawa watoto."

Nilikuwa na matusi tu, nikayameza, na mpaka leo najuta kuyameza.

Mwaka ule ule ofisi yetu ilitakiwa kuandika mpango wa vijana kwa ajili ya eneo letu. Kamati iliundwa: viongozi wa dini, walimu wakuu, maofisa, mfanyabiashara mmoja wa kulipia soda. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mjumbe, bila shaka. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu za kikao. Nilipewa kiti karibu na mlango na kuambiwa niandike yanayosemwa.

Waliyosema yalikuwa yale yale. Vijana wananywa chang'aa. Vijana wanacheza disko. Vijana wavivu, wapewe jembe. Jezi za mpira. Kwaya. Niliandika kurasa nne, mkono ukiuma, kisha nikaweka kalamu chini na kunyoosha mkono. Bosi wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Niliuacha mkono juu.

Mwenyekiti akashangaa. "Karani ana swali?"

"Mimi si karani. Nina mambo mawili nataka yaingie kwenye mpango." Nikapandisha sauti. "La kwanza, mwanafunzi anayeugua akili apelekwe hospitali, asifukuzwe shule wala asipelekwe polisi. La pili, siri ambayo kijana amemwambia mtu wa ofisi yoyote ya serikali, shule au kanisa isiandikwe wala isisomwe kwa watu bila yeye kukubali."

Mchungaji mmoja alicheka kwa wema. "Dada, ugonjwa huo ni wa Ulaya. Sisi hapa tuna maombi."

"Na jembe," mwingine akaongeza, wakacheka wote.

"Kuna msichana alifungwa pingu kitandani si mbali na hapa," nikasema. "Maombi yenu yalikuwa wapi? Na aliyemsukuma amekaa hapo, anakunywa soda."

Kicheko kikakatika. Nilimnyooshea kidole, jambo ambalo kwetu hulifanyi kwa mtu wa umri ule hata akiwa mwizi. Mwalimu mkuu hakukasirika. Aliweka chupa chini, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa. Alikuwa amekuja nazo. Alijua nitasema.

"Mwenyekiti," akasema, "nani ameisema siri ya huyu mtoto? Mimi nilipokea barua. Sikuiomba." Akaifunua, akamwonyesha jirani yake wa kulia, kisha wa kushoto. "Muhuri huu ni wa ofisi ya vijana. Sahihi hii ni ya huyu dada anayetufundisha siri. Au nimekosea?"

Watu wote walinigeukia. Nilielewa dakika ile jinsi msichana yule alivyosimama kwenye paredi, safu baada ya safu zikimgeukia, na tofauti ni kwamba mimi nilistahili.

"Hujakosea," nikasema. "Ni yangu. Nilimwahidi kwamba sitasema, nikasema. Niliandika nikidhani nafanya kazi nzuri, na hakukuwa na kanuni hata moja ya kunizuia. Ndiyo maana naitaka. Naitaka inizuie mimi kwanza, halafu ikuzuie wewe."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeniunga mkono. Mwalimu mkuu alikunja karatasi zake. Mwenyekiti alikohoa, akasema jambo hilo litatazamwa chini ya mengineyo. Walipofika kwenye mengineyo walikuwa wamechoka, wakaondoka.

Katika mpango uliochapwa, hoja zangu mbili ziligeuka sentensi moja: vijana wapewe ushauri nasaha kadiri hali itakavyoruhusu. Nilikataa kutia sahihi kumbukumbu. Bosi wangu alitia yeye, kisha akaninyang'anya funguo za ukumbi.

"Umeniaibisha," akasema. "Kaa ofisini, uandike faili."

Nilikaa miezi miwili nikiandika faili. Kisha nilirudi kwa sista, maana sikuwa na mtu mwingine. Nilimwambia nataka kujifunza kusikiliza bila kumdhuru mtu. Alinitazama kwa mashaka yale yale ya korido. Hakunikaribisha, lakini alisema, "Jumamosi mimi sina zamu."

Mwislamu mmoja mwenye duka la nafaka alituazima chumba cha nyuma. Hakuuliza maswali mengi. Alisema tu kwamba na yeye ana mpwa. Vijana wachache wa kwaya walianza kuja, wakakaa juu ya magunia ya mahindi. Sista ndiye aliyeongoza. Hakuandika majina. Mimi nilichemsha chai na kufunga mdomo, na kufunga mdomo kuliniwia vigumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Kila mara nilipotaka kutoa shauri alinikata kwa jicho.

Mji haukutupenda. Ilisemwa tunawafundisha watoto wazimu. Mama mmoja aliingia kwa kishindo akamkokota binti yake kwa ukosi wa sweta, na alipofika mlangoni akanigeukia: "Wewe si ndiye uliyemmaliza yule wa Khayega?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Hakutarajia jibu hilo. Alimkokota binti vivyo hivyo.

Sikukuu ya taifa ilipokaribia, bosi wangu alijikuta hana kwaya. Alikuja mezani kwangu akizungukazunguka.

"Utawafundisha?"

"Nitawafundisha. Saa ya mwisho kila Jumamosi ni ya sista, ndani ya ukumbi, na wewe huingii."

Alinitazama kama mtu aliyeng'atwa na mbuzi wake mwenyewe. Alinirudishia funguo. Mwezi uliofuata niliandika kanuni ya ofisi yetu kuhusu siri za vijana, nikaiweka katikati ya karatasi za ruhusa ya baiskeli na mafuta ya taa, naye akatia sahihi bila kusoma, kama alivyotia sahihi kila kitu. Ilikuwa kanuni ya ofisi moja yenye meza mbili. Lakini ilikuwa kanuni, na mwalimu mkuu mmoja mwanamke kutoka shule nyingine aliposikia habari zake alikuja kuomba nakala, akamwomba na sista akaseme na walimu wake. Mzee wetu wa tai fupi hakuomba. Aliendelea kuchapa na kufaulisha hadi alipostaafu, akafanyiwa sherehe kubwa.

Nilikwenda Khwisero karibu miaka miwili baada ya mambo hayo. Nilimkuta msichana barazani mwa duka moja sokoni, anashona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Alikuwa amenenepa kidogo. Kando ya cherehani palikuwa na kitabu cha kemia kimefunguliwa. Alikuwa anajiandaa kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliponiona hakusimama, ila miguu yake iliacha kukanyaga.

Senje yake alikuwa mwanamke mkarimu asiyejua, au aliyejifanya hajui, mimi ni nani. Alitupeleka nyumbani, akanipikia obusuma, ugali wetu, na kuku, chakula cha mgeni. Msichana alinimwagia maji ya kunawa, akaketi ng'ambo ya chumba, hakula. Senje alipotoka kwenda kuchota maji, msichana akaniambia:

"Umekuja ili niseme nimekusamehe?"

Nilifikiria kusema hapana, nimekuja kukujulia hali. "Ndiyo," nikasema.

"Sisemi."

"Sawa."

"Usiku sasa ninalala. Dawa zinanisaidia. Lakini nikisikia watu wakicheka pamoja, mimi hutoka." Alisema hayo bila kunihurumia, na bila kujihurumia. "Hilo ni lako. Na la mwalimu. Kula, chakula kinapoa."

Nilikula.

Nilipokuwa naaga alinisindikiza hadi kwenye ua wa michongoma, na hapo akasema, akitazama barabara, "Ile saa ya sista ya Jumamosi. Nimesikia habari zake. Huku kuna wasichana wawili nawajua, wangeenda kama ingekuwa karibu. Mimi pia."

"Naweza kumwomba aje," nikasema haraka. "Mara moja kwa mwezi. Tunaweza—"

"Mwombe yeye," akasema. "Wewe usije."

Nilimwomba. Sista alianza kwenda Khwisero kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mimi nilibaki mjini kusimamia kwaya. Aliporudi jioni alipitia ofisini kunywa chai, viatu vimejaa tope. Sikumuuliza habari za msichana; nilimuuliza barabara ilikuwaje. Alinijibu kwamba mvua imekata daraja la miti, ikabidi yeye na wasafiri wenzake wavuke kwa kushikana mikono, kisha akaniomba sukari.